Mama anaungua vidole na hasikii moto, naombeni ushauri

BintiTanga: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 46, anauza chapati. Juzi alikuwa anageuza chapati kwa vidole kama siku zote, mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi. Kidole kimetoka lengelenge, mwenyewe hana habari! Nikimgusa kwa pamba anasikia vizuri, ila moto na sindano hasikii. Akikohoa, kisogo kinamuuma mpaka anashika ukuta. Sukari iko sawa. Vidonge vya neva kapewa mara tatu, majirani wanasema karogwa. Nianzie wapi?

FundiCherehani: Pole sana dada. Kachunguzwa ukoma? Nao unaua hisia za ngozi, na dawa zake ni bure.

BintiTanga: Kachunguzwa kaka, hana baka hata moja.

NesiMstaafu: Mwanangu, hiyo ya pamba ndiyo imenifanya niandike. Nyuzi zinazobeba maumivu na joto zinakatiza katikati ya uti wa mgongo (ile kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo) kwenda upande wa pili, za mguso mwingi zinapita nyuma. Likitokea tundu la maji katikati ya uti, joto linapotea, mguso unabaki. Ugonjwa huo unaitwa siringomielia. Mara nyingi chanzo ni Chiari: ncha ya ubongo mdogo imeshuka kupitia tundu la chini ya fuvu, maji ya ubongo hayapiti vizuri. Kisogo kuuma kwa kikohozi ni dalili yake. Simpi mama ugonjwa kwa simu, ila ombeni rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, apige MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ya kichwa na uti. Eksirei haionyeshi uti wenyewe. Upasuaji wa aina hiyo MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wanaufanya.

KakaMbeya: Mimi ninayo hiyo Chiari. Walinitoa kipande cha mfupa kisogoni ili maji yapite. Kisogo kilipona, ganzi ya vidole haikuisha yote kwa sababu nilichelewa miaka minne nikichua shingo. Shingo ya mama isichuliwe wala kuvunjwavunjwa! Maji ya kuoga apimiwe na mtu mwingine. Miguu ikilegea au mkojo ukimshinda, kimbieni dharura.

BintiTanga: Asanteni sana, nimelia. Koleo nimenunua leo, chapati nageuza mimi. Jumatatu tunafuata rufaa.