Uumbaji, anguko na ukombozi: tupeane uzoefu, fundisho hili lilikushika wapi katika maisha yako?

Mwanzisha mada, Moshi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Ninafundisha vijana wa kipaimara hapa Moshi, na kila kundi jipya linapoingia ninaona jambo lilelile: kijana anaeleza bila kusita kwamba yeye ni mwenye dhambi, lakini ukimwuliza aliumbwa kuwa nani, ananyamaza. Naamini sababu mojawapo ni mpangilio wa mafundisho, kwa kuwa Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, yaani kitabu chake cha mafundisho ya msingi cha mwaka 1529, inaanza na Amri Kumi, hivyo mtoto anakutana na kosa lake kabla hajafika kwenye Kanuni ya Imani, mahali anapofundishwa kukiri kwamba Mungu amemuumba yeye pamoja na viumbe vyote. Mpangilio huo una hekima yake, wala siudharau. Hata hivyo Biblia yenyewe inatupitisha katika sura mbili nzima za Mwanzo kabla nyoka hajasema neno lolote, na katika sura hizo tunasoma kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, mwanamume na mwanamke. Baada ya gharika, Mwanzo 9:6 inakataza kumwaga damu ya mwanadamu kwa sababu hiyohiyo, naye Yakobo katika waraka wake anawaonya Wakristo wasiwalaani watu waliofanywa kwa mfano wa Mungu. Kwa hiyo ninashikilia kwamba anguko, yaani uasi wa Adamu na Hawa, liliuharibu mfano huo bila kuufuta, na kwamba mtu asiyejua heshima aliyoumbwa nayo hawezi kuelewa ni nini kilichopotea, wala Kristo alikuja kurudisha nini. Naomba kila mmoja aeleze pale fundisho hili lilipomgusa.

Mama kutoka Machame

Asante, Mwalimu. Kwangu lilinigusa kupitia mwanangu wa pili, aliyezaliwa na ulemavu wa viungo. Kabla sijatoka hata kwenye uzazi, ndugu walikwisha kuanza kuulizana ni nani katika ukoo aliyekosa, na wengine walisema waziwazi kwamba ni adhabu. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuja kunitazama, akanisomea Yohana sura ya 9, pale wanafunzi wanapomwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, naye akajibu: «Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake, bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake.» Tangu siku ile ninakubali kwamba dunia yote inaugua kwa sababu ya anguko, kama Paulo anavyoandika katika Warumi 8 kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja, lakini sikubali mtu amnyoshee mwanangu kidole na kusema kwamba yeye ndiye alama ya dhambi. Yeye ni mfano wa Mungu, sawa na watoto wa hao wanaomsema.

Mchangiaji kutoka Kibosho

Shikamoo Mama, na pole kwa uliyopitia. Mimi nitaeleza habari ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Baba alipofariki, kaka yangu na mimi tuligombania mpaka, tukafika mahali pa kutosalimiana hata msibani. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yalianza na kosa la mwenzake, jinsi Adamu alivyomtaja mwanamke, na mwanamke akamtaja nyoka. Mwishowe wazee walituita. Sisi Wachaga tunajua kwamba mimea ya masale ndiyo inayopandwa kwenye mpaka wa kihamba, na jani la sale hilohilo ndilo mkosaji analolipeleka anapoomba msamaha, na si rahisi kwa mtu kulikataa. Kaka alilileta, nami nikalipokea.

Jambo lililonishika lilikuja baadaye, nilipokuwa nikisoma Mwanzo 3 kwa ajili ya ibada ya nyumbani. Kwa desturi yetu aliyekosa ndiye anayefunga safari. Pale bustanini aliyekosa amejificha kati ya miti, na aliyekosewa ndiye anayetembea akiita, «Uko wapi?» Kisha, kabla ya kuwatoa bustanini, anawafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika. Paulo anasema kwamba tulipatanishwa na Mungu kwa mauti ya Mwana wake tulipokuwa tungali adui, yaani kabla hatujapeleka jani lolote. Ninaiheshimu desturi ya wazee wetu, kwa maana iliokoa undugu wetu, lakini neema imekwenda mbali zaidi.

Mchangiaji kutoka Arusha

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki mambo haya matatu hukutana katika usiku mmoja, katika Kesha la Pasaka. Tunaanza gizani kwa kubariki moto, mshumaa wa Pasaka unaingizwa kanisani, kisha Mbiu ya Pasaka inaimbwa, nayo inathubutu kuliita kosa la Adamu lenye heri kwa kuwa lilitupatia Mkombozi mkuu namna ile. Baada ya hapo somo la kwanza ni uumbaji. Mwalimu, nina swali: mtoto mchanga ana hatia gani ya Adamu?

Mwanzisha mada, Moshi

Ndugu yangu wa Arusha, Wakristo hawakujibu swali hilo kwa namna moja. Agostino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba tunazaliwa tukiwa tumeshiriki hatia yenyewe, na Kanisa la Magharibi limemfuata kwa sehemu kubwa, ingawa Kanisa lenu leo linafundisha kwamba dhambi ya asili ni hali tunayorithi wala si tendo tulilolitenda. Waorthodoksi husisitiza kwamba tumerithi mauti na uharibifu, si lawama ya Adamu. Mimi namrudia Ireneo, askofu wa Lyon wa karne ya 2, aliyeeleza kwamba Kristo aliipitia upya njia yote ya Adamu, akitii pale Adamu alipoasi, na kwamba alipitia kila umri, akawa mtoto mchanga kwa ajili ya watoto wachanga. Ukisoma Warumi 5 kuanzia mstari wa 15, utaona kwamba Paulo hawaweki Adamu na Kristo katika mizani iliyo sawa. Anapowalinganisha hapo anasisitiza kwamba kipawa kimezidi sana kuliko kosa.