Mrejesho: mgongo na kurudi kazini bandarini

Assalamu alaikum. Mimi ndiye niliyeuliza kama mchukuzi wa magunia ya karafuu hapa Wete, Pemba, arudi kazini mgongo ukiwa bado unauma, au asubiri upone kabisa.

Nilikwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Kwanza alihakikisha hakuna dalili za hatari: miguu kukosa nguvu, kushindwa kuzuia mkojo, homa. Halafu akaacha mgongo, akauliza habari za kazini. Naogopa kuinama? Naamini nitarudi? Naelewana na msimamizi? Nusura nikasirike, nikidhani ananiambia maumivu ni ya kujitia. Siyo. Kumbe New Zealand waliandika mwongozo tangu 1997 kuhusu "bendera za manjano": hofu, huzuni, kutoridhika na kazi, mambo yanayomchelewesha mtu hata pale mgongo hauna jeraha kubwa.

Kwangu zito lilikuwa nyumbani. Mama alinikataza hata ndoo ya maji, kwa huruma tu, na wenzangu walishaanza kuniita mzee. Msimamizi amekubali: sasa nahesabu magunia na kushona midomo yake, kubeba naongeza kidogo kidogo. Jioni mgongo bado unauma.

Na yule kaka aliyesema nilale tu mpaka maumivu yaishe: kulala sana kunadhoofisha misuli, usimwambie mtu tena.