Uhandisi wa elektroniki chuo, au ndo naenda kuwa fundi redio kwa miaka minne?

dogo_wa_namtumbo:
Habari za humu wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Nimemaliza fomu siksi PCM, hesabu B fizikia C kemia D, nimechaguliwa vyuo viwili, kimoja uhandisi wa umeme kingine uhandisi wa elektroniki, na sasa natakiwa nikonfemu kimoja kwa ile namba ya siri ya TCU (tume ya vyuo vikuu) na siku zinakata. Mi roho inataka elektroniki maana ile topiki ya transista na mageti ndo topiki pekee ya fizikia niliyokuwa nasoma bila kulazimishwa. Shida iko nyumbani, mjomba ndo atanisapoti na yeye anasema elektroniki ni kazi ya watoto wa Kariakoo wanaofungua simu mtaa wa Aggrey, sasa utasomaje miaka minne kitu ambacho mtu wa darasa la saba anakifanya kwa miezi sita. Naomba waliosoma waniambie kule ndani kuna nini hasa, ugumu wake, na kazi ziko wapi. Msinitukane tafadhali.

kijiwe_nongwa:
Mjomba usibishane nae sana dogo, hao wa Aggrey wapo wanaolaza hela kuliko mainjinia wengi wa humu wanaojiita wakuu 😂

mzee_wa_Laplasi:
Achana na huyo hapo juu, japo hajadanganya.

Dogo, hiyo kozi nimeisoma. Umeme unahangaika na nguvu, kuizalisha, kuisafirisha na kuitumia, yaani jenereta, transfoma, mota, laini za kilovolti 132, 220, mpaka 400 kama ile inayotoka bwawa la Nyerere kwenda Chalinze. Elektroniki inahangaika na taarifa iliyopanda juu ya umeme. Sauti, picha, joto la tanuri, mapigo ya moyo, vyote hivyo vikishageuzwa kuwa volti (mara nyingi milivolti tu) kazi yako wewe ni kuvikuza, kuvichuja kelele, kuvigeuza namba na kuvituma vinakotakiwa. Fundi wa Aggrey anajua chipu gani imekufa na anaibadilisha vizuri kuliko mimi, tena kwa mkono usiotetemeka. Ila ile chipu kuna mtu alikaa akaipigia hesabu, na kuna mwingine aliamua iwekwe pale na sio pengine, huko ndo unapelekwa.

Mwaka wa kwanza hata hutaona tofauti, mnarundikwa wote, mnapigwa hesabu, michoro ya kihandisi, sheria za saketi za Kirchhoff, kuprogramu kwa C, siku zinaenda. Mwaka wa pili ndo mlango unafungwa. Watu wengi wanakula sapu kwenye hesabu, transista inasingiziwa tu. Zile namba changamano ulizofanya fomu siksi ukadhani umeachana nazo utazikuta kila sehemu, hadi i yao inageuka j maana i imeshachukuliwa na karenti. Halafu anakuja Laplasi, anakuja Fourier na hesabu zao, anakuja Maxwell na mawimbi yake, na lekchara anafuta ubao kabla hujamaliza kunakili. Hayo makitu ukiyabeba kwa desa unafaulu UE (mtihani wa mwisho wa semista) moja afu semista inayofuata unakuta yamejengewa juu yake na huna msingi.

Sasa kabla hujakonfemu fanya kitu kimoja. Nenda duka la spea hapo ulipo, nunua rezista ya kilo-ohm 10, kapasita ya maikrofaradi 100 ya volti 16, betri ya volti 9 na multimita ya bei chee. Hivyo vitatu vya kwanza viunge mstari mmoja (kapasita ina mguu wa hasi, angalia ule mstari ubavuni usije ukaigeuza), multimita iweke kwenye miguu ya kapasita. Ukishaunga utaona namba zinapanda haraka halafu zinazidi kuishiwa nguvu. Sekunde ya kwanza iko kwenye 5.7 hivi, sekunde ya tano imekaribia kugota 9. Kapasita za bei chee zinakosea hata asilimia 20 kwa hiyo usishike saa sana. Jiulize kwa nini 5.7 na sio nusu ya 9, yaani 4.5. Zidisha 10k mara 100 maikro unapata sekunde 1 kamili, na 5.7 ni asilimia 63 ya 9, na hiyo 63 inatoka kwenye e, ile ile ya kalkulasi. Ukiona kitu hicho kimekufanya ubadilishe rezista uone itakuwaje, konfemu elektroniki usiku huo huo. Ukiona ni namba tu, nenda umeme, nako kuna ugali mzuri.

mama_PLC:
Mdogo wangu marahaba. Mimi niko kiwandani upande wa ala na udhibiti, nimesoma elektroniki, darasani kwetu wasichana tulikuwa wa kuhesabu vidole na wote tumemaliza, nasema hili kwa mabinti wanaosoma uzi huu kimya kimya.

Watu wakisikia elektroniki wanawaza simu na minara tu. Kuna upande haujulikani, viwanda. Kila tangi, kila bomba, kila boila ina sensa, sensa inatuma karenti ya miliamp 4 hadi 20 kwenda kwenye PLC (kompyuta ya kuendesha mitambo), na PLC ndo inaamua valvu ifunguke au ifungwe. Mfano sensa ya presha ya bar 0 hadi 10, presha ikiwa bar 5 inatuma miliamp 12. Vijana wanaokuja PT (mafunzo kwa vitendo) huwa nawauliza kwa nini tunaanzia 4 na sio 0, wengi wanaangalia chini. Ni kwa sababu ukisoma 4 ujue tangi halina presha, ukisoma 0 ujue waya umekatika au panya ameshafanya yake. Ingeanzia 0 ungejuaje kipi ni kipi? Mtu akishaelewa hicho kitu kimoja huwa simtumi chai tena.

Na hapo kwenye PT niseme wazi. Kila mwaka mnaenda wiki kadhaa kazini, kuna sehemu wanakuweka ofisini unapiga fotokopi mpaka muda unaisha, logibuku unajaza uongo, unasainiwa, unarudi chuo huna ulichoona. Ng'ang'ania karakana, shinda na mafundi sanifu wa diploma maana ndo wanajua mashine ilipo na siku ikigoma wanaitwa wao. Wengine wana majigambo kidogo, vumilia.

Ukimaliza usisahau ERB, bodi ya usajili wa mainjinia, unasajiliwa kwanza injinia mhitimu, kuna mpango wao wa SEAP wa miaka mitatu chini ya msimamizi, ndo baadae unaomba uwe injinia mtaalamu. Cheti cha chuo peke yake hakikupi muhuri.

Kazi zipo ila hazikufuati nyumbani. Viwanja vya ndege kuna mitambo ya kuongozea ndege inahitaji watu, SGR ina mawasiliano na mifumo ya ishara ambayo ni elektroniki tupu, hospitali zina mashine, vituo vya redio na TV, kampuni za minara. Wanaokaa kusubiri ajira portal tu ndo wanaokuja humu kulia.

Juja_Boy:
Huku Kenya ni miaka mitano bana, nyinyi mna bahati. JKUAT hapa tuna elektroniki na kompyuta pamoja kwa digrii moja, kwingine ni umeme na elektroniki pamoja, kwa hivyo hii vita yenu ya umeme ama elektroniki sisi hatunanga sana, unaingia unasoma vyote halafu unaegemea upande huko mbele. Kitu muhimu angalia kama kozi imetambuliwa na bodi ya mainjinia. Huku ni EBK. Kuna majamaa walimaliza chuo fulani wakaambiwa na bodi digrii haitambuliki, miaka mitano yote, na fee ya mzazi imelipwa. Uliza kabla, usiulize ukishavaa gauni.

Na mwambie mjomba chipu zenyewe zimefika Afrika Mashariki, kuna kampuni ya semikondakta iko ndani ya chuo cha Dedan Kimathi pale Nyeri. Ni ndogo bado lakini ipo.

dogo_wa_namtumbo:
Aisee asanteni sana, kesho naenda Songea mjini kutafuta hizo rezista. Swali lingine wakuu, laptopu je? Na nikipata bumu la kwanza ninunue nini?

kijiwe_nongwa:
Bumu la kwanza utanunua simu na raba kama wote, usijifanye mtakatifu.

mzee_wa_Laplasi:
Laptopu yoyote yenye RAM 8 na SSD inatosha, used ya kazini ya watu, usidanganywe na za gemu. LTspice ya kusimuleti saketi ni bure, KiCad ya kuchora bodi ni bure, zote hazili mashine. Bumu toa kidogo ununue bredibodi (ya kuunga saketi bila kuchomelea), waya zake, multimita iliyo hai, pasi ya kuchomelea na risasi yake, na Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) moja hata ya Kichina. Usisubiri maabara, maana maabara nyingi osiloskopu ni moja mnaizunguka watu kumi, wawili wanashika wengine wanaandika ripoti.

finalist_mchovu:
Samahani kuvamia uzi, mi niko mwaka wa nne na prizentesheni inakaribia. Projekti yangu ni mita ya maji inatuma sms kiwango kikishuka, Arduino Uno na SIM800L (moduli ya mtandao wa simu). Taa ya SIM800L inapepesa haraka haraka, sekunde kadhaa inazima inaanza upya, haishiki mtandao kabisa. Nimebadilisha laini, nimebadilisha antena, nimebadilisha moduli nzima. Supavaiza anasema nisome datashiti. Nisaidieni

mzee_wa_Laplasi:
Umeipa umeme kutoka wapi? Usiniambie pini ya 3.3 ya Arduino.

finalist_mchovu:
Ya 3.3 😭 ya 5 niliogopa itaungua

mama_PLC:
Hapo kwenye 5 uliogopa vizuri, inataka 3.4 hadi 4.4. Ila ile pini ya 3.3 ya Uno inatoa miliamp 50 tu, na SIM800L inapotafuta mnara inavuta karenti kwa mishtuko hadi amp 2. Kila ikiita mnara volti zinaporomoka inajizima, ndo huko kuanza upya kwako. Moduli zako zote ziko nzima, usitupe hata moja.

mzee_wa_Laplasi:
Ipe betri ya lithiamu ya 18650 moja kwa moja, au badilisha umeme kwa LM2596 (kipunguza volti) uiseti kwenye volti 4 kabla hujaunga, weka kapasita ya maikro 1000 karibu kabisa na pini zake. Graundi ya betri na ya Arduino ziungane, hiyo watu wanasahau wanakesha. Na ule waya unaotoka TX (pini ya kutuma) ya Arduino kwenda RX (ya kupokea) ya moduli upitishe kwenye rezista mbili za kugawa volti, usiipelekee 5 nzima.

finalist_mchovu:
Nimeweka 18650!! taa sasa inapepesa taratibu kila sekunde tatu, imeshika mtandao. Mungu awabariki wakuu. Ila sms bado haiendi, nimeangalia kodi ya programu mstari kwa mstari sioni kosa

mama_PLC:
Laini ina salio?

finalist_mchovu:
...narudi