Nyumba ya dini zote Majengo: jiko liwe moja au mawili?

Mwalimu wa Kengeleni

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu mstaafu, Mwanglikana, mzaliwa wa Kengeleni, hapa Mombasa. Nyanya yangu alikulia pale pale karibu na kengele ya Frere Town. Kusoma nilifunzwa na mabibi wa kanisani, kupika nilifunzwa na majirani Waislamu, na hadi leo sijui mtu hutenganisha vipi hivyo viwili. Nakuja kwenu na jambo la jikoni.

Mei 2020, Mji wa Kale ulipofungwa kwa sababu ya korona katikati ya Ramadhani, tulikuwa wachache tukikusanya unga, mchele na mafuta ya kuwapelekea walioko ndani: watu wa msikiti wa mtaa, sisi wa kanisa, na wazee wawili wa Kihindi wenye duka, mmoja wao Mjaini, yaani mfuasi wa dini ya Kijaini ya India. Magunia tuliyapanga kwenye varanda ya kanisa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na kivuli. Korona ikaisha, sisi hatukuachana. Twakutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Mwaka jana bi mkubwa mmoja wa Majengo, Mwislamu na mjane, akatuambia, "Mwahangaika nini? Nyumba yangu i tupu, watoto wako Ghuba. Ichukueni."

Ni nyumba ya Kiswahili hasa: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, kisha uani kuna jiko na choo. Mengi tumekubaliana upesi kuliko nilivyotazamia. Ukumbini patakuwa na mazungumzo, na jioni watoto wafanye kazi za shule. Chumba kimoja kitabaki na mkeka tu, atakaye kusali asali kivyake. Msalaba hautundikwi, na hilo nimelisema mimi kabla ya mtu kuniomba. Hata choo kilijadiliwa: kibla chetu hapa Mombasa ni kaskazini moja kwa moja, na anayechuchumaa kwenye kile choo cha zamani anaelekea huko huko. Fundi atakigeuza.

Tumekwama jikoni. Kikao cha Desemba, mama mmoja wa kanisani kwetu alileta kuku wa kupaka. Kuku kachinjwa kwake na mwanawe. Shekhe hakusema neno. Aliisogeza sahani pole pole kama mtu aliyeshiba, akashika kikombe cha chai. Mama yule aliona. Alifunika hotpoti yake, akasema ana wageni nyumbani, akaenda zake. Hajarudi. Sasa wako wanaotaka majiko mawili, la halali na la wengine. Moyo wangu wakataa, ila sina hoja ya kuwapa. Nyinyi mwasemaje?

Binti Mwembe Kuku

Shikamoo Mwalimu. Mimi niliolewa Uswizi, naishi Bern. Hapa mjini kuna Haus der Religionen, yaani Nyumba ya Dini, iliyofunguliwa Desemba 2014 pale Europaplatz. Jumuiya nane zinashiriki. Tano zina mahali pao pa ibada ndani ya jengo: Waislamu, Wahindu, Wakristo, Wabudha na Waalevi (wafuasi wa imani yenye asili ya Uturuki). Wayahudi, Wabahai na Masingasinga wamo bila kuwa na chumba chao. Kila mmoja ana mlango wake wa kusalia, lakini mgahawa ni mmoja.

Na chakula chake ni cha Kihindi kisicho na nyama, kimepikwa kwa namna ambayo hata Myahudi anayeshika sheria za chakula aketi ale. Hawakuanza kubishana nyama ya nani iingie. Waliitoa nyama. Nimekula pale mara kadhaa (bei ni za Uswizi, msiniulize) na sijaona mtu akisukuma sahani.

Ami Karatasi

Mwalimu, jiko litapata dawa. Mimi naogopa karatasi.

Huyo bi mkubwa anamiliki nini? Majengo kuna nyumba nyingi bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, nawe wamlipa kodi ya ardhi. Kama ndivyo, alichowapa ni kuta na mabati. Mwenye ardhi akiuza, mnunuzi atawajia na tingatinga, na picha zenu za maaskofu na mashekhe hazitamzuia. Mwoneni huyo kwanza, mpate mkataba wa miaka mingi, uandikwe na usajiliwe.

Halafu, ametoa kwa njia gani? Akisema ni wakfu, mali ya wakfu haiuzwi, haipewi mtu, hairithiwi, na sharti la aliyeitoa ndilo hufuatwa. Ofisi ya Tume ya Wakfu iko hapa hapa Mombasa. Lakini wakfu wa nyumba itakayotumiwa na watu wa dini zote, tena labda haina ardhi, hilo msiliamue kikaoni kwa kupiga makofi, mwulizeni kadhi. Akisema ni hiba, yaani zawadi, basi aikabidhi angali hai na mzima, funguo zitoke mkononi mwake mbele ya mashahidi. Akingoja hadi yuko kitandani na maradhi ya mauti, itahesabiwa kama wasia, na wasia haupiti theluthi ya mali ila warithi waridhie. Watoto walikubali kwa simu? Simu si karatasi, mama.

Na anayepokea ni nani? Kamati si mtu mbele ya sheria. Sajilini wadhamini chini ya Sura ya 164 ya Sheria za Kenya, mali isimame kwa jina la bodi, si kwa jina lako wala la shekhe. Nimeona kiwanja cha madrasa kikigombewa miaka na miaka kwa sababu hati ilikuwa na jina la marehemu mmoja mwema sana.

Kijana wa Kisauni

Mtanisamehe, mimi vikao vya dini mbalimbali nimevichoka. Nimehudhuria vingi: hoteli, chai na samosa, picha ya pamoja, posho, mpaka mwakani. Mradi ukiisha pesa na upendano unaisha. Nauliza swali moja tu. Agosti 2012, alipouawa mhubiri wa Kiislamu Sheikh Aboud Rogo na mji ukawaka, makanisa yakavamiwa hapa hapa. Wiki ile nyumba yenu ya mikeka ingefanya nini?

Mwalimu wa Kengeleni

Binti yangu wa Bern, marahaba, nimewasomea maneno yako kikaoni. Ami, umeninyima usingizi. Nilimwuliza bi mkubwa, akanijibu kana kwamba nimeuliza jua huchomoza wapi: "Ardhi? Ardhi si yangu, mwanangu, mimi nalipa tu." Miaka yote hii hakuna aliyemwuliza.

Kijana wa Kisauni, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Sijui nyumba ingefanya nini. Najua mimi nilifanya nini wiki ile: nilijifungia ndani siku tatu, na kwenye simu yangu hakukuwa na namba ya imamu hata mmoja. Majirani zangu Waislamu niliwajua kwa sufuria na harusi. Viongozi wao sikuwajua kabisa. Leo nina namba saba, na wawili kati yao nawapigia usiku bila kuomba radhi. Posho hatuna. Chai kila mtu huja na sukari yake, na si mzaha, kuna mzee wa kisukari hutuletea kijikaratasi cha tende.

Mrabai

Mwalimu, mbona umetaja Mwislamu, Mkristo na Mhindi, mzee wa kaya hayumo? Misitu yetu ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, dunia yatujua, majirani wa Majengo hawatujui. Lakini nakuonya, mzee akija kutambika atataka tembo la mnazi. Shekhe atasogeza nini safari hii?

Mwalimu wa Kengeleni

Hilo kosa langu, na linaniuma zaidi kwa kuwa damu ya Rabai ninayo. Nilikwenda kumwona mzee mmoja kule. Alicheka hadi akakohoa. Akasema koma, mizimu ya wazee, hawahami kwenda kuketi mjini kwenye nyumba ya mabati. Tambiko lina mahali pake kaya, nako Majengo atakuja kama watu wanavyokuja, kuketi na kusema. Alichouliza ni kama kuna mti uani. Upo, mwarobaini. Akasema basi yeye ataketi hapo.

Sasa la jikoni. Tulikaa na daftari tukaandika asichokula kila mtu. Waislamu: nguruwe, na nyama isiyochinjwa kihalali. Wasabato wetu wawili: nguruwe, na tena kamba, ngisi na pweza, jambo ambalo nusu ya kikao ilikuwa haijawahi kulisikia, na mvuvi mmoja alilipokea kama msiba. Wahindu: nyama yote, na wengine hata yai. Mzee Mjaini: vitunguu, saumu, viazi, chochote kinachong'olewa mchangani. Nilipomaliza kukata, kilichobaki kwenye ukurasa ni mbaazi za nazi.

Jumamosi iliyopita ndizo tulizopika, jiko moja, sufuria moja. Bila kitunguu: nazi, pilipili, chumvi. Mimi binafsi nilikuwa na wasiwasi, maana mbaazi bila kitunguu kwangu ni uji. Shekhe alirudia mara mbili. Mzee Mjaini alikula mbaazi na wali, mahamri akayapita kwa sababu ya hamira. Hilo tumeliongeza daftarini.

Yule mama wa kuku nilimwendea nyumbani Ijumaa. Sikumwomba aje kula wala sikuutaja ule usiku. Nilimwambia nazi kumi na mbili zataka kukunwa na mkono wangu una baridi yabisi, jambo ambalo ni kweli. Alikuja na mbuzi yake mwenyewe chini ya kwapa, akaketi uani chini ya mwarobaini, akakuna. Shekhe alipopita kwenda kutawadha alisimama, akamwambia, "Mama, kuku wako alinukia vizuri siku ile, nami sikujua niseme vipi." Mama akajibu bila kuinua macho, "Mwanangu hajui kuchinja hata kwetu, shekhe. Siku nyingine utamchinja wewe." Kuku hatarudi kwenye nyumba ile, sheria yetu ni hakuna nyama, lakini nimesikia kwake nyumbani ameshaalikwa mtu.

Ami Karatasi, mwenye ardhi yuko Nyali na ametupa miadi Alhamisi baada ya Magharibi. Tunakwenda watatu na bi mkubwa. Kama una mfano wa mkataba, nitumie kabla ya Jumatano.