Tupeane uzoefu: mkubwa wa kazi anakutaka umuasi Mola, ulifanyaje?

Mwana wa Wete
Asalaam alaykum ndugu zangu. Naanza mie. Msimu mmoja wa karafuu nilikuwa msimamizi wa wachumaji kwenye shamba alilolikodi mtu wa mjini. Wachumaji wanalipwa kwa pishi. Siku ya pili kaniletea kopo lake. Ukilitazama ni pishi, lakini kitako kimegongwa kikatokeza nje. Nikamimina pishi yangu ndani yake, ikabaki nafasi ya konzi mbili. Mbele yangu bibi mmoja kakaa juu ya busati anachambua makonyo, vidole vimemkauka, anasubiri apimiwe. Ikanijia "Waylun lilmutaffifin", yaani ole wao wanaopunja vipimo, aya tuliyoihifadhi chuoni tungali wadogo. Nikamrudishia kopo lake. Akasema, "Basi na kazi rudisha." Nikairudisha. Miezi miwili nilikula kwa dada yangu. Nyie wenzangu yalikukuteni yepi?

Ukhti wa Bububu
Waalaykum salaam. Mie hotelini, pwani ya mashariki, mapokezi. Meneja mpya akanitaka nivue mtandio. Nikamwambia kazi yoyote nitafanya, mtandio sivui. Akanipeleka kufulia mashuka, mshahara ukashuka. Nikifika nyumbani nalia, msidhani nilikuwa jasiri. Nilichokishika ni dua ya Bi Asiya, mke wa Firauni, katika Suratut-Tahrim, aya ya 11: kaomba nyumba kwa Mola wake Peponi, naye yumo ndani ya kasri la Firauni! Nimo kwenye mashuka mwaka wa 3 sasa.

Jirani wa Mkunazini
Mie Mkristo, naomba nichangie. Danieli wa kwenye Biblia alipokatazwa na mfalme kumuomba Mungu kwa siku 30, alipiga magoti mara 3 kwa siku, madirisha yake wazi kuelekea Yerusalemu, kama alivyokuwa akifanya tokea hapo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonisaidia nilipoambiwa niwadanganye wakaguzi. Sikuwa na ushujaa wa kuutafuta siku ile. Nilikuwa na mazoea tu.

Wa Chake
Nyie hongereni. Mie nilisaini. Saruji iliyoingia stoo mifuko 120, leja ikaandikwa 200. Mkubwa wangu kaniwekea kalamu mkononi, akanambia mkataba wako unaisha mwezi huu, unajua. Nina watoto 4. Tokea siku hiyo najipoza kwa kisa cha Ammar bin Yasir, sahaba wa Mtume: alilazimishwa kutamka kufuru, ikateremka aya ya 106 ya Suratun-Nahl kumpa udhuru. Na mie si nililazimishwa?

Mzee wa Micheweni
Mwanangu, sikulaumu, na njaa ya watoto naijua. Lakini Ammar aliteswa, na mama yake, Bi Sumayya, kauliwa kwa ajili ya dini hii. Aya inamtaja aliyelazimishwa na moyo wake umetua juu ya imani. Wako umetua? Ungekuwa umetua usingeuliza hapa saa 8 za usiku. Tena Ammar alitamka neno, hakuchukua cha mtu. Saruji ile ya nani?

Wa Chake
Shikamoo mzee wangu. Ya skuli. Madarasa mawili.

Mzee wa Micheweni
Marahaba. Sasa ushajua unamdai nani msamaha, zaidi ya Mola wako.

Wa Chake
Ufunguo wa stoo bado ninao mie. Jumatatu inshaallah nakwenda kuifungua leja ile ile, niandike 120, kisha nimpelekee mwalimu mkuu aione kwa macho yake. Mke wangu nimeshamwambia. Kanyamaza kitambo, halafu kaenda kutia udhu. Niombeeni.