Je, kazi ya utafiti wa saratani ipimwe kwa idadi ya marejeo?

Mwalimu wa Ujiji: Ndugu zangu, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoanzishwa 1965 na lenye makao Lyon, Ufaransa, hutoa makadirio ya saratani duniani. Makala yake ya 2021, iliyokadiria wagonjwa wapya milioni 19.3 kwa mwaka 2020, imerejelewa na makala nyingine makumi ya maelfu. Mimi naona huo ni ushahidi tosha wa kazi njema. Nanyi mwaonaje?

Binti Kibirizi: Mwalimu, kurejelewa si kusomwa. Wengi huitaja makala hiyo katika sentensi ya kwanza, ili waseme saratani ni tatizo kubwa, kisha wanaendelea na yao. Na sisi wa Kigoma hayo marejeo yanatuhusu nini?

Mzee wa Gungu: Binti yangu, hilo la "yanatuhusu nini" limeniuma. Marehemu mke wangu alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Tulipanda treni kwenda Dar es Salaam, bahasha ya kaki mapajani, na ndani yake karatasi moja ya rufaa ambayo wino wake ulikuwa umeshaanza kufutika kwa jasho. Shirika hilohilo ndilo lililotamka 1995 kwamba virusi vya HPV aina ya 16 na ya 18 husababisha saratani, na leo wajukuu zangu wanachanjwa. Usituondoe katika habari hii.

Binti Kibirizi: Shikamoo mzee, na pole sana. Nilichokusudia ni kwamba, kama mama angefia nyumbani, nani angemwandika? Makadirio ya nchi yetu yanategemea rejista chache za saratani, yaani daftari za kuwaandika wagonjwa, na penye pengo panajazwa kwa hesabu.

Kijana wa Isevya, Tabora: Mbona hamtaji North Mara? Kuanzia 1977 watafiti wa shirika hilo waliwapa watoto wa huko klorokwini, dawa ya malaria, wapate kujua kama malaria ikipungua, saratani ya Burkitt, ile ya tezi inayowapata hasa watoto, nayo itapungua, na baada ya miaka yote hiyo jibu halikuwa bayana. Kwa kipimo cha Mwalimu kazi hiyo itaonekana hafifu, nami nakataa katakata.

Mwalimu wa Ujiji: Sikusema hafifu, kijana, usinilishe maneno. Ila la rejista nalikubali.

Mzee wa Gungu: Marahaba, binti. Karatasi ya mke wangu ninayo bado. Kikipatikana kitabu cha kumwandika, nitaipeleka mwenyewe.