Msaada wa haraka: taa ya betri haizimi kwenye Hilux, na safari ni Jumamosi

Mkulima_Makambako: Wakuu, heshima kwenu. Nina Hilux double cabin ya dizeli, injini 5L, four-wheel. Taa ya betri ilianza kwa kuwaka hafifu usiku nikiwasha taa kubwa, sasa inawaka hata mchana. Betri bado mpya. Jumamosi nampeleka mama kliniki Dar na tarehe haisogezwi. Nibadilishe belti au ninunue betri kubwa zaidi? Usingizi sipati.

Dereva_wa_Zamani: Kijana, betri haizalishi umeme, inatunza tu. Enzi zetu altaneta, yaani jenereta ya gari inayochaji betri, ya Land Rover ya mradi ilitufia porini kule Kibondo. Dizeli ya zamani ikishawaka haitaki umeme mwingi, basi hatukuizima mpaka Kasulu. Tulikuwa na magunia ya maharage na mbuzi wa bosi. Siku hizo gari lilikuwa gari.

Mama_Wawili: Lakini nyie wanaume mna nini? Taa inawaka siku zote hizo, mnakumbuka gari wiki ya safari. Mzazi hapandishwi kwenye gari la kubahatisha.

Fundi_Spana: Mkuu, pima kabla hujanunua chochote. Chukua multimita, kile kipima umeme, weka kwenye betri gari likiwa limezimwa tangu usiku: betri nzima inasoma kama volti 12.6. Washa, ongeza moto kidogo, isome kati ya 13.8 na 14.4. Halafu washa taa na feni uone kama inaporomoka. Na mtu asikudanganye uchomoe waya wa betri injini ikiwa inawaka ili "kujaribu altaneta". Utaua daiodi, vile vipande vya ndani ya altaneta vinavyonyoosha umeme.

Mkulima_Makambako: Nimepima. Imezimwa 12.2, imewashwa 12.8. Ila altaneta haiwezi kuwa tatizo, imefungwa wiki iliyopita.

Fundi_Spana: Kumbe imebadilishwa! Mbona hukusema? Ile ya kwanza ilikufa na nini? Na hii ina pampu nyuma?

Mkulima_Makambako: Ya kwanza fundi aliifungua akakuta oili imejaa ndani. Hii ni mtumba, haina hiyo pampu, alitengeneza mabano ikakaa vizuri tu. Fundi wangu ni mzoefu, na nimeshamlipa laki mbili na nusu. Breki zinashika. Pedali imekuwa ngumu kidogo ila nimeshaizoea.

Kipara_Ngoto: Mguu wa kulia utafika Dar una misuli kama wa beki wa Simba.

Fundi_Spana: Hapana, Kipara, hapa pana roho za watu. Mkulima, sikiliza. Gari la petroli linapata mvuto wa kusaidia breki kwenye njia ya hewa ya injini. 5L yako haina mvuto huo, ndiyo maana Toyota waliweka pampu mgongoni mwa altaneta. Inalainishwa na oili ya injini, na seali ya shafti, ile pete ya mpira inayozuia oili, ikichoka oili inaingia kwenye altaneta, inachanganyika na unga wa kaboni, linakuwa tope jeusi. Ugonjwa wako wa kwanza ulikuwa huo, na seali ni kitu kidogo. Sasa umebaki na altaneta isiyochaji na busta, kile chungu kinachosaidia mguu kukanyaga breki, isiyo na mvuto. Dar unakwenda kwa kuteremka mlima Kitonga. Hata ukishusha gia, kona zile zinataka breki.

Jicho_Kavu: Hii ni chai. Gari la tani nzima na ushee bila pampu ya breki, unatembelea wiki nzima Makambako na hujagonga hata kuku? Bila picha siamini.

Dereva_wa_Zamani: Na mimi nilianza kushangaa. Fundi gani anayejua injini ataacha pampu?

Mkulima_Makambako: Picha zinagoma kupanda, mtandao huku mbovu. Bomba la oili amelifunga kwa bolti na silikoni nyekundu. Mpira unaotoka kwenye busta ameukunja akaufunga kwa kipande cha chubu ya baiskeli. Mtu atunge hayo ili apate nini? Namuuguza mama yangu.

Fundi_Spana: Hiyo siyo chai, nimeshayaona gereji. Jicho, breki hazifi, zinataka nguvu nyingi sana ya mguu. Mkulima, fanya hivi: injini imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, usiachie mguu, washa. Busta ikiwa nzima, pedali itashuka kidogo.

Mkulima_Makambako: Haijasogea hata kidogo. Sasa fundi akikataa kurudisha hela? Nilikuwa nafikiri niende hivyohivyo polepole, usiku magari ni machache.

Mama_Wawili: Usiku, na betri haichaji? Mpandishe mama basi mapema Ijumaa, mkae naye kiti kimoja. Hela utadaiana baadaye.

Fundi_Spana: Ile ya zamani iko wapi?

Mkulima_Makambako: Kwa fundi, anataka kuiuza skrepa.

Fundi_Spana: Ichukue leo hii. Ioshwe, iwekewe seali ya shafti, beringi na kaboni mpya, daiodi zipimwe. Mpira wa busta usiwe na ufa, na bomba la oili lisafishwe. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mwagia pampu oili kidogo ndani, isisage kavu.

Mkulima_Makambako: Naelekea gereji. Seali naipata Makambako au mpaka Iringa?

Fundi_Spana: Nenda na ya zamani mkononi, walinganishe. Usiende na jina tu.